Jones yupi? Kuwatafuta mababu maskini wa Welisi kwenye makaratasi

Maskini haandikwi bure. Ukitaka kulijua hilo kaa na makaratasi ya zamani ya Welisi hata usiku mmoja tu, utaona mwenye mgodi kaandikwa kila mahali, wosia wake upo, ramani ya ardhi yake ipo, mpaka picha yake ya kuchorwa imetundikwa kwenye jumba fulani, ila yule aliyemchimbia makaa yaliyompa utajiri wote huo utamkuta pale tu alipodaiwa, aliposhitakiwa, alipoomba msaada au alipokufa vibaya. Nje ya hapo ni sensa kila baada ya miaka 10, mstari mmoja, basi.

Mimi ni mtu wa Muheza, Tanga, nimeolewa Welisi na tunaishi Swansea na watoto. Ukoo wa mume wangu ni watu wa kazi za mikono kotekote, upande wa baba yake ni wachimba makaa ya mawe wa bonde la Rhondda na upande wa mama mkwe ni wapasuaji wa yale mawe bapa ya kuezekea, kule Bethesda kaskazini. Hakuna hata mmoja aliyemiliki chochote cha maana. Watu wananiuliza kwa nini nahangaika na mababu wasio wangu, nawajibu ni mababu wa wanangu, inatosha, na tena upande wangu mimi karatasi ni chache mno. Babu yangu alikata mkonge na kilichobaki kuhusu yeye kwenye maandishi ni kipande, ile kadi ya siku za kazi, na stakabadhi ya kodi ya kichwa. Yaani mkoloni alimwandika alipotaka jasho lake na alipotaka hela yake, katikati hapo kimya. Ndo maana nilivyoanza kusoma makaratasi ya Welisi nilijikuta nayaelewa haraka sana, karani ni yuleyule.

Sasa tuanze na majina maana hapo ndo wengi wanakata tamaa. Welisi ni Jones, Davies, Williams, Evans, Thomas, ukigeuka ni Jones tena, na majina ya ubatizo nayo ni John, David, William, Thomas, Mary, Margaret, Ann. Changanya hayo na unapata parokia moja yenye akina John Jones kibao wa umri mmoja. Sababu yenyewe mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa sana, kwa sababu Wawelisi wa zamani walikuwa wanaitana kama sisi, mtu na jina la baba yake, Rhys ap Hywel yaani Rhys bin Hywel, na mwanamke ni ferch, binti. Halafu Welisi ikaunganishwa kisheria na Uingereza kwa sheria za 1536 na 1542, mahakama zikawa za Kiingereza, makarani wakataka jina la ukoo linaloganda, basi ap Hywel ikawa Powell, ap Rhys ikawa Price, ap Richard ikawa Pritchard, ab Evan ikawa Bevan, na mwana wa John akawa Jones akabaki hivyo yeye na vizazi vyake vyote. Wakubwa walibadilika mapema. Maskini wa vijijini, hasa magharibi na kaskazini, waliendelea na mtindo wao mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1800, kwa hiyo unaweza kumkuta baba anaitwa David Thomas, mtoto wake Thomas David, na mjukuu John Thomas, na wote ni watu wa nyumba moja. Mtu anayetafuta jina la ukoo tu kwenye kompyuta atapita juu yao wala hatajua kapita. Na wanawake wengi waliendelea kutumia jina la baba hata baada ya kuolewa, unalikuta mpaka kwenye jiwe la kaburi, mke wa fulani lakini jina ni la kwao, kama ambavyo bibi yangu alibaki binti wa baba yake mpaka anazikwa.

Dawa yake ni moja, usimtafute mtu, tafuta nyumba nzima. John Jones peke yake hapatikani, ila John Jones mwenye mke aliyezaliwa parokia fulani, mwenye dada mwenye jina adimu la kwenye Agano la Kale, na mtoto wa tatu aliyezaliwa mji mwingine, huyo ni mmoja tu. Mimi huwa namshika yule mwenye jina la ajabu kwanza, hata kama ni shangazi ambaye hatuna uhusiano naye wa moja kwa moja, halafu wengine wote wanakuja nyuma yake.

Sensa ndo uti wa mgongo. Ile ya kwanza yenye majina ya watu wote na iliyohifadhiwa kwa ujumla ni ya 1841, lakini hiyo ni ya kuitumia kwa tahadhari, kwa sababu waliozidi miaka 15 umri wao uliagizwa kushushwa mpaka tano ya karibu, mtu wa miaka 39 anaandikwa 35, na mahali pa kuzaliwa ni ndiyo au hapana tu, kazaliwa ndani ya kaunti hii au hakuzaliwa. Kuanzia 1851 mambo yananyooka, umri kamili, uhusiano na mkuu wa kaya, na parokia ya kuzaliwa. Na hapo kwenye parokia ya kuzaliwa ya watoto ndo unaona safari ya familia bila mtu kuisimulia. Ukoo wa mume wangu mtoto wa kwanza kazaliwa Cardiganshire, mashambani kabisa, wa pili Aberdare, wa tatu na wa nne Rhondda. Umeshaelewa, baba kaacha kulima shamba la mtu, kashuka kwenye makaa, kahamahama kufuata mgodi unaolipa. Walikuwa hawako peke yao, Rhondda mwaka 1851 ilikuwa na watu chini ya 2,000, kondoo ndo wengi, ilipofika 1911 walikuwa zaidi ya 150,000 kwenye mabonde mawili membamba. Jaribu kuwaza hiyo, nyumba zimepangwa mistari mistari mlimani, kila chumba cha ziada kina mpangaji, na wapangaji nao ni wachimba makaa waliotoka kijiji kilekile alikotoka mwenye nyumba. Kwa hiyo ukisoma sensa usimruke mpangaji! Mara nyingi ni mdogo wake mke au binamu, na huyo ndo atakayekupeleka kijijini.

Sensa ya 1921 ilifunguliwa kwa umma Januari 2022 maana kuna sheria ya kusubiri miaka 100, ile ya 1931 iliungua yote kwa moto mwaka 1942, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Kwa hiyo baada ya 1921 kilichopo ni rejista ya Septemba 1939 iliyoandikwa vita vilipoanza, kisha ni giza refu.

Lakini karatasi ambayo mimi naipenda kuliko zote ni fomu ya sensa ya 1911. Sensa za kabla yake tunachosoma ni daftari la karani aliyenakili, ila hii ya 1911 imehifadhiwa fomu yenyewe ya nyumbani, mwandiko wa mwenye kaya, na Welisi unaweza kukuta fomu ya Kiwelisi imejazwa kwa Kiwelisi. Yetu ni hivyo. Aliyejaza ni mjane, mama wa babu yake mume wangu, na kazi ya wanawe wawili wakubwa kaandika glowr, mchimba makaa, herufi kubwakubwa zilizolala upande wa kulia, wino umekolea mwanzoni mwa kila neno halafu unafifia mpaka alipochovya tena kalamu. Kwenye fomu ile kulikuwa na maswali kwa wanawake walio kwenye ndoa, ndoa ina miaka mingapi, watoto wangapi walizaliwa hai, wangapi wapo, wangapi wamekufa. Mjane alikuwa haulizwi. Yeye kajaza. Waliozaliwa 11, waliopo 6, waliokufa 5. Halafu karani wa ofisi kaja na wino mwekundu akazipiga mstari zile namba tatu kwa sababu kwa kanuni zake hazihitajiki, lakini mstari wenyewe mwembamba, namba zinasomeka vizuri kabisa. Mama mkwe alivyoiona kwenye skrini alikaa kimya kisha akasema hao watano tutawatafuta mmoja mmoja, na tumewatafuta kweli, kwa sababu usajili wa vizazi na vifo Uingereza na Welisi ulianza Julai 1837 na indeksi mpya ya ofisi kuu ya usajili siku hizi inaonyesha jina la ukoo la mama toka mwanzo kabisa, kwa hiyo unaweza kuwakamata watoto waliozaliwa na kufa kati ya sensa mbili bila sensa yoyote kuwaona. Wanne tumewapata. Kifaduro, kuhara, mapafu, na mmoja aliyeishi siku chache tu.

Kwa nini alikuwa mjane hiyo ni habari nyingine, na hapo ndo narudi kwenye lile nililoanza nalo.

Watu wakisikia migodi ya Welisi wanakumbuka milipuko mikubwa, na ni haki yao, Senghenydd tarehe 14 Oktoba 1913 walikufa wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja, hakuna ajali ya mgodi Uingereza iliyowahi kuua wengi kiasi hicho, na mgodi uleule ulishaua 81 mwaka 1901. Meneja alipigwa faini ya pauni 24 na kampuni pauni 10, na watu wa wakati ule walipiga hesabu wakaona ni kama shilingi moja na peni kidogo kwa kila roho. Waliokufa kwenye ajali kama hizo majina yao yamechongwa, yapo kwenye minara ya kumbukumbu, yanasomwa kila mwaka. Ila wachimba makaa wengi hawakufa hivyo. Walikufa mmojammoja, wawiliwawili, paa la mgodi likaporomoka, toroli la makaa likakatika mnyororo, leo huyu wiki ijayo yule, na mlima mzima ulikuwa umezoea. Mume wa yule mjane alikufa 1896, jiwe la paa lilimwangukia, na kwenye cheti cha kifo kumeandikwa ajali, taarifa kutoka kwa mchunguzi wa vifo, mwisho. Mafaili ya uchunguzi wa vifo vya namna hiyo mengi hayakutunzwa, kwa hiyo cheti kinakufungia mlango usoni.

Hapo mtu akimbilie sehemu mbili. Ya kwanza ni ripoti za kila mwaka za wakaguzi wa migodi, hawa walikuwa wanaorodhesha vifo vyote, tarehe, mgodi, jina, umri, kazi yake, na maelezo mafupi ya kilichotokea. Ya pili ni magazeti. Maktaba ya Taifa ya Welisi iliyopo Aberystwyth imeskani zaidi ya kurasa milioni moja za magazeti mpaka 1919 na yote ni bure, huhitaji hata kujisajili, unaandika jina la mgodi na mwezi unasoma. Sisi tulipata mistari michache tu. Inasema alikuwa akikata makaa pamoja na mwanawe, kwamba alisikia paa linalia akamsukuma kijana pembeni, na kwamba maiti ilibebwa mpaka nyumbani jioni ileile. Yule kijana aliyesukumwa ndo babu wa mume wangu kwa upande wa baba. Kwa hiyo wanangu wapo duniani kwa sababu ya msukumo ule, na kama gazeti lile lingepotea tusingejua kamwe, kwa sababu kwenye familia habari hiyo ilikuwa haisemwi.

Na sheria ya fidia kwa wafanyakazi ilipitishwa 1897, ikaanza kufanya kazi 1898, kwamba familia ya aliyefia kazini ilipwe mshahara wa miaka mitatu au pauni 150, kipi kikubwa, isizidi pauni 300. Yeye alikufa 1896! Nikifikiria hilo naumia mpaka leo, maana baada ya hapo unaona kwenye sensa ya 1901 yule mama kawa dobi, na nyumba ya vyumba vinne ina wapangaji wanne.

Kabla yake kulikuwa na mabaya zaidi. Mwaka 1842 tume ya kifalme ilitoa ripoti ya kazi za watoto migodini na mtu aliyetumwa kusini mwa Welisi, Robert Hugh Franks, alishuka chini ya ardhi akawahoji watoto wenyewe na maneno yao yakachapwa na majina yao. Kule Merthyr Tydfil aliwakuta watoto wa milango, kazi yao ni kukaa gizani siku nzima kufungua na kufunga mlango wa hewa makaa yanapopita. Susan Reece alikuwa na miaka sita, akasema anaingia saa 12 asubuhi anatoka saa 12 jioni, na taa yake ikizimika au njaa ikimshika anakimbia nyumbani. Mary Davis, hajafika saba, alikutwa kalala usingizi chini ya jiwe, taa imeisha mafuta, na alipoamshwa akasema panya au mtu kamchukulia mkate wake na jibini. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuwatoa chini ya ardhi wanawake wote, wasichana, na wavulana walio chini ya miaka 10. Kama una ukoo Merthyr au Monmouthshire kipindi hicho ripoti ile isome jina kwa jina, ni mahali pachache sana ambapo mtoto maskini wa karne ile anaongea kwa mdomo wake.

Ila si kila ripoti ya serikali ni ya kuaminiwa. Mwaka 1847 walitoka tena watu watatu kukagua shule za Welisi, Waingereza wasiojua Kiwelisi hata neno, wakawahoji watoto kwa Kiingereza, wakarudi kuandika kwamba Wawelisi ni wajinga na wanawake wao hawana maadili. Wawelisi wanaiita Brad y Llyfrau Gleision, usaliti wa vitabu vya bluu, na hasira yake bado ipo. Naitaja kwa sababu inahusu hata cheti cha ndoa kilichopo mezani kwako. Utaona bibi harusi kaweka alama ya X badala ya sahihi na haraka unasema hakujua kusoma. Siyo lazima iwe hivyo. Tangu karne ya 18 kulikuwa na shule za kuzunguka za Griffith Jones wa Llanddowror na baadaye shule za Jumapili, watu wazima mashambani walifundishwa kusoma Biblia kwa Kiwelisi, kusoma tu, kuandika hapana, na siku ya ndoa wanapewa rejista ya Kiingereza na kalamu mkononi. Aliyeweka X inawezekana kabisa alikuwa anasoma Zaburi nzima.

Kuna sehemu moja ya makaratasi haya ambayo watu wa kwetu inatugusa moja kwa moja, nayo ni nyumba za maskini. Baada ya sheria ya 1834 parokia ziliunganishwa na kila muungano ukajenga nyumba ya kuwekea wasio na kitu, wazee, wajane, yatima, na waliozaa nje ya ndoa, na rejista zake za kuingia na kutoka nyingi zipo kwenye nyumba za nyaraka za kaunti. Sasa yule Stanley, aliyetua Zanzibar mwanzoni mwa 1871 akavuka Bagamoyo na msafara wa wapagazi mpaka Ujiji kwa Livingstone, huyo ambaye Wakongo walimwita Bula Matari na aliyoyafanya kule kwa ajili ya mfalme Leopold tunayajua, alitoka humo. Alikuwa akijitangaza Mmarekani. Makaratasi yanasema anaitwa John Rowlands, kazaliwa Denbigh mwaka 1841, na kwenye rejista ya ubatizo mchungaji kamwandika kwa neno lilelile la kuumiza, mwana haramu. Februari 1847, akiwa na miaka sita, aliingizwa nyumba ya maskini ya St Asaph kwa kudanganywa kwamba anapelekwa kwa shangazi, akakaa humo mpaka 1856. Alipozeeka alisimulia kwamba alimpiga mwalimu katili akaruka ukuta akatoroka. Rejista ya nyumba ile inasema tu kwamba ameenda kwa mjomba wake.

Nani mkweli hapo? Mimi naona rejista ni sahihi kuhusu alikoelekea, na yeye ni sahihi kuhusu jinsi alivyojisikia, na anayetafuta ukoo inabidi aweke vyote viwili kwenye faili moja. Kinachoniuma ni kwamba hata mtoto aliyekataliwa na wote Denbigh aliandikwa siku ya kuingia na siku ya kutoka, halafu wale Wanyamwezi na Wangwana waliombebea mizigo miezi na miezi, waliokufa njiani kwa ndui na njaa, vizazi vyao leo Tabora na Bagamoyo watashika daftari gani?

Haya, sasa tuje kwenye upande mzuri, maana siyo kila kitu kiliandikwa na karani wa serikali. Wafanyakazi wa Welisi wengi walikuwa hawasali kanisa rasmi la Kianglikana, walikuwa watu wa chapeli, Wabaptisti, Wamethodisti wa Kikalvini, Wakongregesheno ambao wenyewe wanaitwa Annibynwyr, na hesabu ya ibada ya 1851 ilionyesha waliohudhuria chapeli ni wengi kuliko waliohudhuria kanisa. Kwa mtafuta ukoo hii ni shida kwanza. Rejista za parokia zina utaratibu, zinaanza 1538 kwa sheria ingawa nyingi za Welisi zilizobaki ni za baadaye sana, lakini daftari la chapeli mara nyingi lilikuwa mali ya mchungaji mwenyewe, akihama anahama nalo, akifa linabaki kabatini kwa mjane wake. Zilizokabidhiwa serikalini baada ya usajili kuanza 1837 zipo na zimeshaskaniwa, nyingine zimepotea. Na Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga, kwa hiyo usitafute ubatizo wa kichanga kwao.

Lakini ukishavuka hapo, chapeli inakupa kitu ambacho serikali haikuwahi kutoa. Chapeli nyingi zilichapisha ripoti ya mwaka, kijitabu chenye majina ya waumini wote, mara nyingi na mtaa, na kila mmoja katoa shilingi ngapi. Yule mjane wetu yumo. Mwaka mmoja baada ya mumewe kufa sadaka yake imepungua karibu nusu, kisha inapanda polepole kila mwaka, mpaka wanawe wengine walivyoanza kushuka mgodini nao wana mistari yao chini yake. Hakuna aliyemlazimisha kuandikwa humo, alitaka mwenyewe. Na kulikuwa na magazeti ya Kiwelisi ya wafanyakazi, mfano Tarian y Gweithiwr, yaani ngao ya mfanyakazi, lililoanza Aberdare 1875, limejaa mashairi ya wachimba makaa, mashindano ya kwaya, tanzia zilizoandikwa na jirani siyo na karani. Makaburini utakuta englyn, ubeti wa mistari minne wenye kanuni kali za vina vya ndani, umetungwa na rafiki wa marehemu ambaye asubuhi yake alikuwa chini ya ardhi. Mtu aliyekulia kwenye utenzi na shairi hawezi kupita hapo bila kusimama. Kwa hiyo namwomba yeyote mwenye wakwe au mzee wa Kiwelisi asiishie kwenye hizi tovuti kubwa za kulipia ambazo zimejaa karatasi za Kiingereza, akamate hata mtoto mmoja anayesoma shule ya Kiwelisi amsomee gazeti. Kwetu anasoma binti yangu mkubwa, na anasoma kwa sauti.

Tulipokwama kwa sasa ni huko nyuma Cardiganshire. Baba wa yule aliyeangukiwa na jiwe ni John Jones, na kwenye parokia aliyoitaja kwenye sensa wamebatizwa akina John Jones watatu ndani ya miaka minne. Cheti chake cha ndoa kinataja jina la baba yake na kazi yake, kibarua, na bahati nzuri jina la huyo baba ni adimu. Kwenye orodha za ramani za zaka, zile zilizochorwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1830 na 1850 zinazoonyesha kila kipande cha ardhi, mwenye nacho na anayekilima, jina hilo lipo mara mbili, mmoja anashikilia kibanda na bustani pembeni mwa mto, mwingine vishamba vitatu juu mlimani. Maktaba ya Taifa ina nakala ambazo parokia zilikuwa zinapeleka kwa askofu kila mwaka, na mara nyingine nakala ya askofu ina neno moja ambalo rejista yenyewe haina, jina la shamba au jina la utani la baba. Watoto wakifunga shule tunaenda Aberystwyth, mama mkwe na mimi, tukaanze na yule wa pembeni mwa mto.